Programu ya Njia ya Salamabila

Ulimwona. Usituambie hukumwona. Ulimpelekea simu yako kuchaji pale sokoni Kasongo, ukachungulia maandishi yaliyojaa kwenye kioo cha simu yake kilichopasuka, ukacheka: "Mama, iko mchezo gani huo?" Ukaenda zako.

Chimène hakuwa anacheza. Shule ilimkatikia siku alipozikwa baba. Chuo kikuu hakukiona hata lango. Kuandika programu alijifundisha mwenyewe, kwa simu hiyohiyo, kwa kurasa alizozipakua kila mtandao ulipozinduka kidogo. Alikosea, akafuta, akaanza upya, huku wateja wakimpigia kelele kwamba betri zao hazijajaa.

Alichotengeneza ni hiki: motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akipita kijiji cha Wamaza anatuma ujumbe mfupi, na mkewe aliyebaki Kasongo anapata habari papo hapo. Akifika Salamabila, vilevile. Wake za motari, waliozoea kusimama barabarani wakiuliza kila pikipiki inayorudi, wakaanza kulala usingizi.

Kaka yake, Grégoire, naye motari, ndiye aliyewazungukia wenzake wajiandikishe.

"Munaogopa nini? Ni dada yangu wa tumbo moja."

Kisha président wa chama cha motari, Papa Jean-Baptiste, akamwita Chimène.

"Mutoto yangu, hii kitu iko na maana sana. Ilete kwa ofisi. Utakuwa informaticienne wetu, mutu wa kompyuta. Kiti yako iko pale, karibu na dirisha."

Chimène akauza kibanda chake cha kuchaji simu, paneli ya jua na nyaya zake zote. Programu akaikabidhi, hata neno la siri.

Asubuhi alipokuja kuanza kazi, karibu na dirisha alikuta kijana amekaa, shati limepigwa pasi.

"Huyu ni Junior," président akasema. "Ametoka Kindu na licence yake ya chuo kikuu."

"Na mimi, Papa?"

"Uko na diplome gani?"

"Programu niliiandika mimi."

"Nani amekatala? Lakini karatasi ndiyo inaongea, mama. Chama haiwezi kuandika mutu wa kuchaji simu. Watatucheka." Akamsukumia chupa ya soda. "Kunywa kwanza. Usifunge uso."

Junior hakuinua macho. "Dada, jina lako lilikuwa linatokea kule chini ya programu. Usijali, nimeshalifuta."

Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya wote ya kutengeneza barabara, ambayo siku hizi inaishia katika shamba la mihogo la président. Grégoire hakwenda. Alikuwa anamkimbiza hospitalini mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Walipopita Wamaza akatuma ujumbe, kama dada yake alivyomfundisha.

Jumatatu vijana wa chama wakamzingira sokoni.

"Juzi ulikuwa wapi, Grégoire?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa wa Wamaza!" Wakaangua kicheko. "Mashine imekuona, ndugu. Lete ufunguo."

Wakaisukuma pikipiki yake hadi ofisini. Siku hiyohiyo wakazisukuma za wote waliokwepa jembe la président.

Jioni Grégoire akaingia nyumbani kwa dada yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulisema itatulinda."

"Yaya, kaka yangu, waliniondoa hata kabla sijakaa..."

"Niliwabembeleza watu, Chimène. Kwa mdomo wangu huu. Sasa watoto wangu watakula nini? Sema, wewe unayejua kila anayepita njiani."

Nje alipita Aicha, mke wa motari mwingine aliyenyang'anywa pikipiki, mwanamke yuleyule aliyewahi kumletea Chimène ndizi kwa shukrani. Akatema mate mbele ya mlango, akaendelea kutembea.

Pikipiki zile zimefungwa mnyororo nyuma ya ofisi, mvua inazipiga. Wewe unapita pale kila siku ya soko. Leo usipite. Ingia. Mwambie Jean-Baptiste afungue mnyororo. Mwulize mbele ya watu nani aliandika programu ile, na ni migongo ya nani inayolima mihogo yake. Asipojibu, kaa mlangoni pake na watu wako wote mpaka ajibu. Inuka. Ofisi bado haijafungwa.