Nondo wa Ng'ambo ya Mto

Mwalimu Pyo alipostaafu aliacha kufundisha watoto, akaanza kuorodhesha nondo wa kijiji chetu, wale wadudu kama vipepeo, kwa ajili ya makumbusho. Kwa miaka tisa mmoja tu alimkosesha raha: yule mdogo wa kwenye nyasi, mwenye mdomo uliochongoka na mstari wa fedha kwenye bawa, anayejikunja ukafikiri ni kijiti kikavu. Huyo, alisema, makao yake ni ng'ambo ya mto. "Hajavuka, wala hatavuka."

Aliyasema hayo mpaka shemeji yake Okbun, mjane wa kaka yake, akachoka. Ilipokaribia sikukuu ya mavuno, Okbun alikwenda ng'ambo kumsalimia dada yake, akapigapiga nyasi kwa mwavuli, akarudi na nondo sita kwenye chupa ya kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili na kitunguu saumu. Akawaachia kwenye kaburi la wakwe zake, tuta lililoota nyasi, ambalo yeye na Mwalimu wangelifyeka kesho yake.

Mwalimu alikata mara mbili tatu kwa mundu, kisha akapiga magoti. Okbun akadhani anawasujudia wazazi.

"Shemeji, usipumue," Mwalimu alinong'ona.

Nondo alikuwa ametulia kwenye unyasi, kichwa chini. Machozi yakamtoka mzee wa watu.

Okbun alikuwa amejiandaa kucheka. Hakuweza. "Ni mimi niliyewaleta, shemeji. Kwa chupa ya kimchi."

Mwalimu akajifuta macho. "Wangapi?"

"Sita."

Mwalimu akapitisha mpini wa mundu juu ya nyasi, nondo wakaruka. Akawahesabu, akafika ishirini na mmoja.

"Na hawa wengine walipanda basi gani?"

Okbun akapata pa kumshika. "Kwa hiyo miaka tisa unakuja hapa na hukuwaona?"

"Nilikuwa nafyeka."

"Ulikuwa unalala kivulini. Nilikuwa nafyeka mimi."

Mwalimu alitaka tu kujua wale sita wa Okbun ni wepi, asije akawaandikia watu wa makumbusho uongo.

"Wangu? Wanuse. Wananuka kitunguu saumu."

Akainama, akanusa kweli. Okbun alicheka mpaka akaketi juu ya kaburi la wakwe, jambo ambalo mkwe hafanyi.

Mwalimu akapiga marufuku kufyeka upande ule mpaka wageni wa makumbusho waje. Siku ya sikukuu ndugu walifika kutoka Seoul, wakakuta kaburi la babu na bibi limenyolewa upande mmoja.

"Muulizeni Mwalimu," alisema Okbun, akaendelea kupanga matunda.