Rejista ya Walioondoka

Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari 1993, Bwana Owiti, karani wa chuo cha ualimu kilichozungukwa na mashamba ya chai, alikosa rejista mpya. Ilikuwa bado Nairobi, kama kila kitu kipya. Lakini kanuni ilisema siku ya kwanza majina yasomwe, na Owiti si mtu wa kuvunja kanuni. Alifungua kabati, akatoa rejista iliyokuwamo, akaipiga kofi mara mbili, akaanza kuisoma mbele ya wanafunzi arobaini wa mwaka wa kwanza. Ilikuwa orodha ya walioacha chuo katika mwaka wa kwanza tangu 1968, wengi wao wakiwa wameshakufa. Vumbi lake lilifika hadi viti vya nyuma.

Kwa Wakipsigis, wenyeji wa huko, mtoto akizaliwa, akina mama humwekea ugoro kidogo puani, kisha hutaja majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya, marehemu aliyetajwa wakati huo amekubali kukaa naye. Owiti alikuwa mtu wa upande wa ziwa, si Mkipsigis, na hakuwa na habari hiyo. Alisoma, watu wakapiga chafya, akaendelea kusoma. Edinah, mpishi, aliyekuwa akipita na sufuria, alihesabu chafya thelathini na moja.

"Wamekubali," alisema, akaenda kuongeza maji kwenye uji.

Marehemu waliotajwa walifika Jumanne saa mbili kamili, wengine wakiwa na suruali pana za zamani. Kila marehemu alionekana na wote lakini alisikika na mtu wake tu. Cheptoo, binti wa wakulima wa Sigor, alipata Kimeli, aliyeacha chuo 1971 na kufa kwa malaria miaka tisa baadaye. Mwalimu Kepher, ambaye aliwahi kumfundisha Kimeli, alimtazama.

"Umerudi," alisema, akaendelea kuandika ubaoni.

Kimeli alikaa kwenye ukingo wa benchi la Cheptoo na kumweleza yale ambayo hakuna mtu mwingine chuoni aliyemweleza.

"Wiki ya sita ndio mbaya," alisema. "Hiyo wiki huyu mwalimu anaitisha lesson plan. Hajafundisha, lakini anaitisha. Usimwulize kwa darasa, atakuaibisha. Mngoje akienda chai ya saa nne."

"Wewe ulimwuliza?"

"Mimi nilienda nyumbani."

Aliyeketi upande wa pili wa Cheptoo alikuwa Jerusa, na Jerusa hakupata mtu. Alikuwa amelelewa kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, mama yake akifanya kazi chumba cha kuchekechea majani makavu, na mtoto wa kiwandani akiona vumbi huziba pua kabla hajafikiri. Owiti alipoipiga kofi ile rejista, Jerusa alikuwa na leso usoni tayari. Wenzake wanane waliokosa chafya walianza kuondoka mwezi wa pili, mmoja mmoja, na masanduku yao ya bati.

Jerusa alibaki kwa sababu ya Cheptoo, aliyemrudishia kila neno la Kimeli wakinywa chai. Muhula wa pili wakapelekwa mazoezi ya kufundisha, Cheptoo shule ya Kedowa, Jerusa ya Siongiroi, na maneno ya Kimeli yakaenda Kedowa. Mipango ya somo ya Jerusa ilirudi imekatwa kwa wino mwekundu bila neno hata moja pembeni. Watu husema mficha uchi hazai, lakini hawasemi aende kuuonyesha wapi.

Aliporudi chuoni alimwomba Edinah ugoro, akaenda nao kwa karani.

"Nisomee majina, Bwana Owiti. Hata kumi tu."

"Register inasomwa mara moja, siku ya kwanza. Siku hiyo ulikuwa?"

"Nilikuwa."

"Basi ulisomewa."

Jerusa alinusa ugoro pale mlangoni, akapiga chafya mara kumi na moja. Hakuna aliyekuja. Akaenda kwa mkuu wa chuo, Bi. Mellen, ambaye alimpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho.

"Tangu 1979 nimekuwa nikiomba mwalimu wa kusaidia first year," Bi. Mellen alisema. "Lakini sasa thelathini na moja wako na mtu. Nikiandika tena barua kwamba hakuna msaada, nitakuwa nadanganya."

Jerusa aliondoka Ijumaa. Cheptoo alimbebea sanduku hadi langoni akilia wazi, maana alikuwa akimpenda. Askari wa lango alifungua, akafunga. Kimeli alisimama hapo muda mrefu.

"Hata mimi niliondokea hapa," alisema. "Hakuna mtu aliniuliza naenda wapi."

Mwishoni mwa 1994 wote thelathini na moja walifaulu. Barua ya pongezi ilikuja kutoka Nairobi, pamoja na rejista mpya. Siku ya mahafali Kimeli alisimama nyuma ya viti, na jina la Cheptoo lilipoitwa alipiga makofi yaliyosikika na Cheptoo tu, akatoka kwa lango akiwa hana haraka.

Cheptoo alipofika ofisini kuchukua cheti chake, alimkuta Owiti ameinama juu ya rejista ile ya zamani, akiandika kwa mwandiko mzuri. Majina manane yalikuwa yameshaingia. La tisa lilikuwa la Jerusa.

"Jerusa hajakufa," Cheptoo alisema. "Anachuma chai. Ningali namwandikia."

"Najua," Owiti alisema. "Si ya mwaka huu. Ni ya watakaokuja."

Alipuliza wino ukakauka, akaifunga rejista, akaishika kwa uangalifu vumbi lake lisipanguke, akairudisha kabatini.