Dari la Chumba cha Saba

Zamu ya asubuhi ilikuwa imejipanga dirishani kwa Mama Taa, kila mtu anadai taa yake kama anadai urithi. Bila Mama Taa hakuna anayeshuka mgodini kuchimba makaa ya mawe. Anakupa taa ya kichwa, anakupa na kibati chenye namba yako. Ukipanda, unakirudisha. Kisiporudi, kwake yeye bado uko chini, hata ukisimama pale mbele yake unapiga chafya.

"Shemeji, leo umenyoa ndevu!" Mama Taa alimwambia Gongagonga. "Unaenda kuoa huko chini?"

"Naenda kuuchumbia mwamba. Wewe umenikataa miaka thelathini, nifanyeje?"

Watu wakacheka, foleni ikasogea.

Huyu Gongagonga ndiye mzee wa nguzo. Kazi yake ni kuligonga dari la mgodi kwa fimbo ya chuma, halafu anasikiliza. Dari zima linalia kama sufuria. Dari bovu linalia kama boga. Na mgodi wenyewe ulishachoka siku nyingi, lifti inakohoa, pampu zinakoroma, kuta zinatoka jasho. Zamani dari lilishikiliwa na nguzo za miti, na mti ukielemewa unalia, watu wanakimbia. Kampuni ikaona miti ghali, ikaleta nguzo za chuma zilizokwisha kuchoka kwingine. Sasa chuma hakisemi kitu, bwana. Kinanyamaza weee, mpaka kinakunjika. Kwa hiyo mzee, kimyakimya, kila nguzo ya chuma alikuwa anaipigilia kabari ya mti kichwani, angalau pawe na wa kusema.

Tena walikuwa na utaratibu wao, wachimbaji wenyewe, wala haukuandikwa popote. Anayelipitisha dari kuwa salama anatundika kibati chake kwenye nguzo ya kwanza, anakaa chini ya dari hilo na wenzake mpaka zamu iishe. Hupitishi dari halafu ukaenda kunywa chai.

Asubuhi ile Msimamizi aliwatangulia chini, kijana wa ofisini, ana kalamu na daftari.

"Mzee, leo tunafungua chumba cha saba. Saini hapa."

"Nigonge kwanza, mwanangu."

Akagonga. Bu. Akasogea, akagonga tena. Bu.

"Boga," alisema. "Siingizi watu kumi na wanane ndani ya boga."

"Juu wanataka makaa leo leo! Na wewe umebakiza miezi minne upate kiinua mgongo chako. Usijiharibie, mzee wangu."

Miezi minne si mchezo. Mzee akawatazama wale kumi na wanane, wameegemea ukuta, mabeleshi mikononi, wanamtazama yeye tu. Akafunga daftari, akamrudishia Msimamizi.

"Basi nitasaini mwenyewe," Msimamizi akasema.

"Vizuri sana, bosi!" akadakia Shoka, kiongozi wa wachimbaji. "Tundika kibati chako pale, ukae ndani. Sisi tutaingia ukishazoea."

Kijana wa watu, mbele ya macho yote yale, angefanyaje? Akatundika. Akaingia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Gongagonga akaingia naye, akachuchumaa kando, maana mgeni haachwi peke yake.

Ke.

"Nini hiyo?"

"Kabari. Inasalimia."

Ke, ke.

"Na hiyo?"

"Hiyo sasa inaaga. Kimbia!"

Jamani, walikimbia! Mzee ana goti bovu, lakini alimpita kijana njiani. Nyuma yao chumba cha saba kikashuka chote, upepo ukawavua kofia, vumbi likawafanya wote wa rangi moja. Shoka akahesabu watu mara mbili. Kumi na wanane, na wale wawili. Ndipo mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote mpaka wakakaa chini.

Huko juu, Mama Taa akatoa mkono dirishani. "Kibati, bosi."

"Kimefukiwa."

"Basi na wewe umefukiwa."

"Mama, si unaniona hapa?"

"Mimi nakuona. Ubao wa vibati haukuoni. Na amri hii uliibandika wewe mwenyewe mlangoni, asiyerudisha kibati asitoke." Kijana akakaa kwenye benchi mpaka mchana, Meneja wa mgodi alipoandika kibali kwamba kijana yu hai.

Lakini Meneja aliandika na barua nyingine. Gongagonga asimamishwe kazi wiki nzima kwa kuchelewesha uzalishaji, kupoteza chumba cha saba na kutumia miti bila ruhusa. Barua ya pili ikimfikia, kiinua mgongo hana. Meneja huyo mwenyewe hajawahi kushuka chini hata siku moja.

Msimamizi aliileta huku anaangalia chini. "Mzee wangu, si mimi."

"Najua, mwanangu. Kunywa maji, umemeza vumbi jingi." Akaikunja barua vizuri, akaitia mfukoni. "Na kesho nani atagonga?"

"Imeandikwa yeyote."

Shoka alikuwa karibu, akasikia. Akatema mate meusi, akaenda zake kuoga.

Kesho yake Gongagonga alikaa kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. King'ora cha zamu kikalia. Kawaida kikishalia, gurudumu la lifti linafuata kupiga kelele, mtaa mzima unaamka. Siku hiyo, kimya. Kuku wakasikika.

"Lifti imekufa tena?" mkewe aliuliza, birika mkononi.

Mzee akatega sikio lake zima upande wa mgodi. "Haijafa. Haina abiria."

"Wote kumi na wanane?"

"Wote."

Mke akamimina chai taratibu. Alikuwa hajamaliza, Msimamizi akatokea njiani, anakuja nusu anatembea nusu anakimbia, anapunga mkono tangu mbali.

"Mpe kiti, mama," alisema Gongagonga, akajinyoosha na kufumba macho. "Mwambie niko kwenye adhabu. Nikimaliza wiki yangu, nakuja."