Sifuri ya Kupakia Lori

Jana mchana, tukimenya viazi, mjukuu wangu anayesomea usafirishaji na ugavi chuo kikuu alinisimulia haya. Katika mtihani wa vitendo, ambao bila kuufaulu hahitimu, aliweka mlangoni mwa lori maboksi ya hospitali, kituo cha kwanza. Mhadhiri, msomi asiyewahi kubeba hata ndoo, akampa sifuri.

"Kinachoanza kwenye orodha kinaanza kuingia!"

Mjukuu na makuli wakapakia upya alivyotaka bwana mkubwa, naye akapanda lori kwenda kukagua. Kufika hospitali, maboksi yako ndani kabisa, nyuma ya magodoro mia.

Dereva akamwambia mhadhiri, "Haya profesa, vua koti, sifuri yako tuishushe pamoja."

Akashusha, makuli wakimpigia makofi. Akaifuta sifuri palepale, na kabla injini haijawashwa alishalala fofofo, mdomo wazi.