Bi Mkubwa Atoka Getini

Mke wa dereva aliolewa akalikuta lori uani. Ndiyo maana mumewe, tangu siku za harusi, aliliita Bi Mkubwa, naye mkewe hakuwahi kununa. Alisema mke mwenza asiyekula wala kusengenya ni wa kumshukuru Mungu. Lilikuwa lori la tani kumi, pua ndefu, taa zimetokeza kama macho ya chura. Miaka tisa lilikaa juu ya magogo nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva, tangu mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka hata kikombe cha chai kikawa hakifiki mdomoni kimejaa.

Mwaka wa tisa mtoto wao wa kwanza akataka kujenga vyumba pale uani.

"Baba, hiki ni chuma chakavu tu."

"Chakavu ni baba yako!" mzee akafoka, kisha akakumbuka kwamba baba mwenyewe ni yeye.

Wakabishana, wakasuluhishana. Baada ya miezi miwili, Jumamosi saa sita mchana, angekuja mnunuzi wa vyuma. Lori likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, libaki. Likishindwa, likatwe. Mzee hakula usiku ule, na mkewe akajua kwamba wakimkata Bi Mkubwa watakuwa wamemkata na mzee.

Mke alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini. Spana hakuwahi kuishika, lakini mikono yake ilikuwa imetulia. Basi mzee akawa anakaa kwenye stuli akielekeza, na yeye anafanya. Kila nati aliyoifungua aliifunga uzi wa rangi asije akasahau kwao: nyekundu za pampu, kijani za rejeta, njano za breki. Kutu aliisugua kwa msasa mpaka kucha zikaisha. Viti alivishonea turubai jipya, mshono mara mbili.

"Polepole, bi mdogo, usimuumize mwenzio."

"Mwenzangu hana shida. Anayelalamika ni wewe."

Jumamosi ikafika. Magurudumu yalikuwa chini, yamejaa upepo. Betri waliazima kwa jirani. Mnunuzi wa vyuma alikuja mapema, akaegesha mitungi yake ya gesi ya kukatia chuma getini kabisa, akaketi juu ya mmoja kama mgeni anayengoja kuandaliwa.

Mama akapanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikanguruma, majirani wakapiga makofi. Ikazima. Akawasha tena, ikanguruma kidogo, ikazima. Mara ya tatu haikuitika kabisa.

Mtoto wao akaja akamshika bega. "Mama, umejitahidi. Inatosha sasa." Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mzee alikuwa amefumba macho. "Ngojeni. Mimi nimemsikia. Anawaka vizuri, anakunywa dizeli iliyomo kwenye paipu, ikiisha hapati nyingine. Pampu ya kuvuta kutoka tangi, gasketi yake umeipata wapi?"

"Si uliniambia ya zamani imeoza? Nilikata mpya mwenyewe, kwa karatasi ngumu, nikaipima juu ya ile ile."

"Fungua."

Akafungua nati za uzi mwekundu, akainua kifuniko, akaitazama ile gasketi ya kuziba mwanya chini yake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye bampa.

"Unacheka nini, na saa sita kasoro robo?"

"Mzee wangu, nimemwachia Bi Mkubwa nafasi ya mshono!"

Mshonaji hakati kitambaa kwenye mstari. Huacha cha ziada, ili mwenye nguo akinenepa ifumuliwe, iongezwe. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo hata kwenye gasketi. Ukingo wa nje ulipochomoza aliuona, akaupunguza. Lakini tundu la ndani, la kupitishia dizeli, lilibaki jembamba kama la kifungo cha shati.

"Kwani ulidhani atanenepa?" mzee akauliza, na sasa walikuwa wakicheka wote wawili, mnunuzi wa vyuma akiwatazama kama wendawazimu.

Akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia vitundu vya vifungo, akazungusha tundu, taratibu, mpaka likalingana na la chuma. Akafunga. Akalegeza nati ya kutolea upepo, akapiga pampu kwa mkono mpaka mapovu yakaisha, dizeli ikatoka safi. Akakaza. Akawasha.

Injini ikanguruma. Mabati ya jikoni yakatetemeka, kuku wakaruka ukuta. Wote wakangoja izime. Haikuzima.

"Shuka, bi mdogo. Nipishe."

Mzee akapanda ngazi ya lori kwa magoti na viwiko. Mkewe akazunguka, akakaa pembeni yake, akaitazama ile mikono ikiufuata usukani. Usukani ulikuwa ukitetemeka, lori zima likitetemeka, na humo ndani mikono ya mzee haikuwa tena na tofauti na kitu chochote. Akakanyaga klachi, akaingiza gia bila kukwaruza.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa akiviringisha mitungi yake mbio. Mtoto wao akafungua geti pande zote mbili, akatangulia barabarani akipunga shati.

"Pisheni! Pisheni, Bi Mkubwa anatoka!"

"Na vyumba vyako?" mama akamwuliza dirishani walipompita.

"Nitavipandisha juu ya nyumba, mama! Juu!"

Mzee akapiga honi ndefu, akakunja kushoto.

"Tunakwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Wewe kaa tu," akasema. "Leo nawatembeza wake zangu wote wawili."