Vipipa Vitatu vya Mbege

Sikuwa na migomba ya kwetu Kibosho, ile ya ndizi za pombe. Sikuwa na ulezi ila ule nilioagiza kwa basi, ukafika nusu gunia. Sikuwa na baridi ya mlimani. Sikuwa na mke wa kunikosoa, maana mama Honorata alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Sikuwa na dada wa karibu, na kwetu pombe hupikwa na dada na mama. Mwanamume huinywa tu na kutoa maoni. Nilichokuwa nacho ni useremala, daftari la madarasa ya jioni, na vipipa vitatu vya plastiki vyenye koki, lita ishirini kila kimoja. Nilivinunua Kariakoo mwanzoni mwa mwaka 1991, wakati bidhaa za nje zilikuwa zimejaa madukani. Viliingia nchini na sharubati. Mimi nikaona mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Binti yangu Honorata, muuguzi wa zahanati, alikuwa amechumbiwa na kijana wa kwetu, na wazazi wa kijana walikubali kuja Kibiti kwenye sherehe ya kumuaga. Nilitaka wanywe mbege niliyoipika mwenyewe, nje, chini ya turubai, wasije wakasema kwamba miaka ishirini na mitano ya pwani imenisahaulisha kwetu.

Nilifanya jaribio Jumatatu ya Pasaka, kwenye uwanja wa nyuma ya kigango, kanisa letu dogo. Nilihesabu siku kama tulivyohesabu nyumbani: ndizi zilizochemshwa zikae siku saba, kisha uji wa ulezi, kisha usiku mmoja. Majirani zangu ni Waislamu, na niliona si heshima harufu ya pombe iwafuate barazani kwao. Basi nilikaza vifuniko kwa koleo. Asubuhi vipipa vilikuwa vimevimba matumbo. Nilifurahi, nikidhani ni dalili njema.

Kata ya kwanza ya wageni, kibuyu cha kunywea, nilimwekea Mwalimu Richard, mwenzetu wa Kibosho, aliyevaa suti yake ya krimu. Mimi nilikuwa nionje kwanza, kama ilivyo desturi ya mpishi, lakini koki haikutoa kitu. Nikakitikisa kipipa. Bado. Richard alipoinama kuchungulia, koki ikaachia. Povu lilimpiga kifuani, suti ikawa rangi ya uji wa ulezi. Kipipa cha pili kilirusha kifuniko mpaka juu ya bati la kigango. Cha tatu hakuna aliyekisogelea. Consolatha, mkewe Richard, alisema taratibu kwamba mumewe sasa amebatizwa mara mbili, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini.

Habari ilifika Kibosho upesi. Wiki tatu baadaye baba wa kijana aliniandikia kwamba wamesikia yaliyonipata. Wako tayari kuja na pombe yao, au sherehe ihamie kwao. Niwajibu kabla ya mwisho wa Mei. Honorata aliisoma barua akasema, "Baba, waache waje nayo. Hakuna ubaya." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

Kabla ya kuwajibu nilitaka kujua kilichotokea. Nilifungua koki kwa bisibisi, nikakuta pumba za ulezi zimeshikana kama saruji. Hilo lilieleza kwa nini mbege haikutoka, halikueleza ile nguvu. Nikamwendea jirani yangu Mshamu, mgema wa minazi. Anaswali swala tano, na tembo analoligema, ile pombe ya mnazi, hajalionja maisha yake; analiuza kwa wageni kama sisi. Alikuwa ameshapata habari zote.

"Mchaga," alisema, "mimi tembo la asubuhi likifika jioni limeshakuwa kitu kingine. Wewe ulihesabu siku za wapi?"

"Za kwetu."

"Hizo zimebaki hukohuko. Huku linalohesabu ni joto. Tena pombe yako umeiziba pumzi."

Nikamwambia niliziba kwa ajili yao, harufu isiwafikie. Akaniuliza:

"Msumeno wako wa alfajiri tumeuvumilia miaka yote, tutashindwa na harufu?"

Alinipa kilifu, ule wavu unaoota kwenye shina la kuti la mnazi. Akanifundisha kuutumia kuchujia, kisha kuufunga mdomoni mwa chombo mahali pa kifuniko, hewa itoke na nzi wasiingie.

Nikaanza upya. Ndizi nilizipata kijiji cha Ngorongo, nikaziacha siku tatu badala ya saba. Kipipa kimoja nilikiweka chini ya bati, kimoja kivulini, kimoja nilikizika hadi shingoni kwenye mchanga nilioulowesha. Kila saa niliweka sikio na kuandika daftarini. Cha chini ya bati kilivuma kama mvua juu ya makuti; cha mchangani kilinong'ona. Mshamu naye alikuja kutega sikio. Mkewe, Mwanawetu, alitukuta wazee wawili tumepiga magoti uani, akauliza tunasikiliza nini. Mshamu akamjibu ni taarifa ya habari.

Jioni cha bati kilikuwa siki. Cha kivulini kilifuata usiku. Cha mchangani kilitulia asubuhi ya pili. Nikaonja, nikaketi, nikaonja tena.

Jumapili ya Pentekoste nilivipeleka vyote vitatu kigangoni, sasa vyote vya mchangani. Richard alikuja na shati kuukuu, akasimama mbali. Nilifungua koki, mbege ikashuka kama uzi, povu lisizidi kidole. Nikaonja mbele ya watu, nikampelekea kata hapohapo alipo. Alikunywa hadi chini.

"Hii si ya Kibosho," alisema mwisho. Kisha akanirudishia kata. "Niongeze."

Nilimjibu baba wa kijana siku iliyofuata. Sikudai kwamba mbege yangu ni sawa na yao. Niliandika kwamba ni ya ndizi za Ngorongo, imechujwa kwa kilifu cha jirani yangu, na kwamba waje mikono mitupu. Honorata aliisoma, akaomba kalamu, akaongeza mstari wake chini. Sikuutazama. Gundi ya bahasha ilikuwa imeharibiwa na unyevu, hivyo nilichukua punje mbili za wali wa mchele wa Chumbi, nikazisaga kwa kidole, nikabana hadi ikashika. Kisha nikaenda posta.