Kifaa ni Kifaa

Saa moja kasoro asubuhi, mikono ya Eliza ilikuwa imeshazama kwenye kahawa. Ukungu wa Mbinga ulikuwa bado umekalia bati la kiwanda, na wanawake waliokaa pande mbili za meza ndefu walikuwa wamejifunga vitenge mpaka shingoni. Saa kama hiyo watu hawasemi sana. Husema vidole: punje nyeusi huku, iliyovunjika kule, iliyotobolewa na mdudu chini. Chini ya meza, juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, binti yake Selina, wa miaka minne, alikuwa akizipanga mistari punje zilizotupwa.

Miaka saba Eliza alikuwa kwenye meza ile, na sasa hakuhitaji hata kutazama. Punje nzima ina uzito wake. Ukiiviringisha kidoleni unaijua. Ile nyepesi ni mbovu, hata iwe na sura ya kupendeza namna gani. Mkono hauongopewi.

"Msimamizi," alisema Eliza, Salvatory alipopita nyuma yake, "naomba leo niondoke saa nne. Nina usaili mchana."

Salvatory hakuwa mtu wa makuu. Alielekeza kidevu mwisho wa banda, palipokuwa na mashine kubwa iliyofunikwa turubai la nailoni, wiki ya tatu sasa ikimngoja fundi wa kuiwasha.

"Nenda, Mama Selina. Wanasema ile inachagua kahawa kwa mwanga. Ikiwaka, hapa mnabaki wanne. Nenda, na ukipata usirudi kuaga."

Wanawake wa karibu waliguna. Ndio hao waliomwachia Eliza zamu ya mchezo wao wa kuchangiana pesa kila mwezi, ingawa zamu ilikuwa ya mwingine. "Chukua wewe uliyekwenda shule ya usiku," walimwambia. "Kahawa imetushika sisi, si lazima imshike kila mtu." Na ni kweli alikwenda. Miaka miwili ya darasa la jioni, Selina amelala mapajani, daftari juu ya goti la pili, mpaka cheti cha kidato cha nne kikatoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukarani, katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa upande wa Namswea. Tangazo alilinakili neno kwa neno: awe na elimu ya kidato cha nne, ajue kuandika, aje na kifaa chake cha kidijitali. Cheti alikuwa nacho. Kuandika alijua. Hicho kifaa ndicho kilichomkosesha usingizi, na jana yake alikwenda ofisini mjini kuuliza.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Bwana Othmar, afisa aliyekuwa akisimamia ajira hizo, macho yapo kwenye simu.

"Samahani, hapa kwenye kifaa. Mnataka laptop au kishikwambi?"

"Dada, tangazo umesoma?"

"Nimesoma."

"Limesema nini?"

"Limesema kifaa."

"Basi. Kifaa ni kifaa. Au umekuja kunifundisha kazi?"

Sasa saa nne na nusu Eliza alikuwa amesimama kwenye kaunta ya Zamda, mkabala na stendi, Selina kamshika kitenge. Zamda aliuza simu, redio, taa za sola na nyaya za kila aina. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa kanga kichwani, na mjukuu, ingawa hakuwahi kuiona Kilwa, bado alimkaribisha mteja kama mgeni wa nyumbani.

"Karibu mwenzangu, karibu. Na bibi mdogo naye karibu. Mmekuja kuninunulia duka?"

"Nataka kifaa," alisema Eliza, na neno lenyewe likamtia aibu.

Zamda aliweka viwili mezani. Kishikwambi kipya, cheusi, bado na karatasi yake ya plastiki kiooni, laki mbili na themanini. Laptop ya mtumba, ya kijivu, kona moja imechunika, laki tatu na nusu.

"Mwezi uliopita si ulisema laki tatu?"

"Mwezi uliopita, mama. Mzigo umepanda, nauli imepanda, na mimi nimepanda presha. Kwanza niambie, unakitakia kazi gani?"

"Ukarani."

"Ukarani wa kukaa au wa kutembea?"

Swali lilikuwa la maana kuliko yote aliyosikia tangu jana.

"Hawajasema."

"Hawajasema!" Zamda alipiga kofi. "Sasa nikushauri nini? Ungesema unakaa ofisini, ningekupa laptop. Ungesema unazunguka mashambani, ningekupa hiki: kina laini, kina kamera, chaji inakaa kutwa. Ile laptop sikufichi, ni mtumba, na betri yake saa moja na nusu, basi."

Eliza alikinyanyua kishikwambi. Kilikuwa chepesi. Kilikaa kiganjani kama punje iliyoliwa ndani na mdudu ikabaki ganda. Akakirudisha haraka. Akainyanyua laptop, na mkono wake, ule ule wa miaka saba, ukasema: hii ni nzima.

Zamda alicheka mpaka akashika kaunta. "We Mama Selina, unapima kahawa hapa? Vitu vya siku hizi kizuri ndicho chepesi!"

"Naangalia tu."

"Angalia, angalia. Washa ujaribu."

Akaifungua. Vitufe vikajipanga mbele yake, mstari juu ya mstari, na papo hapo ubaridi wa Mbinga ukamtoka mwilini.

Alikuwa Lipingo, chini ya meza ya mama yake. Miaka ile mama alikuwa karani wa kupiga taipu kwenye ofisi ya misheni, chumba kimoja kilichotazama ziwa, na upepo wa Nyasa ulipoingia dirishani karatasi zilitaka kuruka, kwa hiyo kila rundo lilikuwa na jiwe lake. Eliza ndiye aliyetumwa ufukweni kuyachagua: yawe bapa, yawe makavu, yasiwe na mchanga. Harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, uliokuwa ukianikwa iliingia pamoja na upepo, na juu ya kichwa chake mashine ililia tra-ta-ta-ta, kisha kengele yake, ting! kisha tra-ta-ta-ta tena. Alilala usingizi kwa sauti hiyo, kama watoto wengine wanavyolala kwa mvua. Alipofika darasa la tano mama alianza kumfundisha. Alimfunika mikono kwa kanga, mashine na vidole vyote ndani, akamwambia, "Macho yako yawe kwa anayekusomea. Vidole viende vyenyewe, nyumba yao vinaijua." Vyeti vya ubatizo vya nusu ya watoto wa Lipingo vilipigwa chini ya kanga ile. Mama alifariki Eliza akiwa kidato cha pili, na mashine aliisikia mara ya mwisho miaka michache kabla ya hapo.

Kwenye kaunta ya Zamda vidole viliteremka vyenyewe. Havikuuliza. Vikaandika Marselina, jina la mama, jina kamili la mtoto.

"Mama, unapiga ngoma?" aliuliza Selina.

"Napiga, mama. Napiga."

Zamda aliacha kucheka. Alitazama vidole, akamtazama Eliza usoni, na akapunguza elfu ishirini bila kuombwa.

Hivyo ndivyo alivyochagua. Mwenye busara atasema angengoja, angeuliza tena. Angemuuliza nani?

Saa saba mchana walikuwa watu kumi na mmoja kwenye mabenchi ya ofisi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bwana Othmar alitoka na faili kwapani, akatazama saa. Saa tisa alitakiwa kikaoni Kitai na gari lilikuwa nje likimngoja.

"Haya, vifaa juu."

Vikanyanyuliwa. Kijana Rodrick, mwalimu wa kujitolea, alikuwa na kishikwambi alichoazima kwa dada yake. Jirani yake Cuthbert alikuwa na cheusi, karatasi ya plastiki bado iko kiooni, na Eliza alikitambua kabla hajaambiwa kimenunuliwa wapi. Afisa alipita akihesabu vichwa mpaka akafika kwake.

"Hii nini?"

"Laptop, afisa."

"Dada, tunasajili wakulima. Programu inaingia kwenye vishikwambi tu. Unampiga mkulima picha, unasimama shambani, inachukua ramani. Wewe utasimama kwenye ngolo, kwenye mteremko, na hilo sanduku kichwani?"

Benchi likacheka. Kila mmoja pale aliyajua mashamba ya ngolo ya Wamatengo, mashimo kwa mashimo ubavuni mwa kilima, hata asiye na mzigo anapita kwa taabu.

"Lakini jana nilikuja kukuuliza."

"Ukaniuliza, nikakujibu. Kaa pembeni."

Alikaa pembeni. Selina aliingia chini ya benchi na kuanza kuwahesabu sisimizi. Eliza alimpigia Zamda, akijua jibu.

"Ningekubadilishia, wallahi," alisema Zamda, "lakini kile kilikuwa kimoja. Kaja kijana nyuma yako tu, hata nyayo zako hazijapoa. Pole mwenzangu. Nivumilie wiki mbili nitaleta kingine."

Wiki mbili. Orodha ilikuwa inafungwa leo.

Usaili wenyewe haukuchukua muda. Jina, cheti, kifaa, pita. Ilipofika saa nane Bwana Othmar aliingia ndani kuchapa matokeo, akatoka anafoka, maana kompyuta ya ofisi haiwezi kuwaka bila umeme na yeye aliahidi kufika Kitai na orodha mkononi. Alizungusha macho.

"Nani anaweza kuniandikia jedwali kwenye kifaa chake?" Vishikwambi vikajaribu. Cuthbert aligusagusa kioo kwa kidole kimoja, akafuta, akagusa tena. "Wewe, tutakesha hapa! Dada wa sanduku! Lina chaji?"

"Ya saa moja hivi."

"Njoo."

Tumaini ni kitu kisichokuwa na haya. Lilimnyanyua Eliza benchini, likamkalisha kwenye meza ya afisa, likamwambia: akikuona unavyofanya kazi, atabadili. Akafungua jedwali: namba, jina, maoni. Bwana Othmar alisoma, akaona anafuatwa, akaongeza mwendo; bado anafuatwa. Eliza alimtazama yeye usoni, hakutazama vitufe hata mara moja.

"Duh," Rodrick alimnong'oneza Cuthbert mlangoni, "huyu dada mashine."

"Umejifunzia wapi?" aliuliza afisa, sauti imelainika kidogo.

"Kwa mama yangu. Lipingo."

"Safi sana. Tungekuwa na makarani kama wewe..." Hakumaliza. Akarudi kwenye faili. "Namba tisa. Eliza Nombo. Maoni: hakukidhi vigezo."

Vidole vikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza.

Alimkumbuka mama siku ya mwisho ya kazi. Ofisi ilikuwa inapunguza watu, na barua za kupunguzwa zilitakiwa zipigwe taipu, na wa kuzipiga alikuwa mmoja tu. Mama alizipiga zote, na ya tatu ilikuwa yake mwenyewe. Hakukosea herufi. Aliipeleka kusainiwa, akairudisha, akaiwekea jiwe juu ili upepo usiichukue, kisha akamshika Eliza mkono wakashuka ufukweni kununua usipa wa jioni. Watu walimsifu kwa hilo miaka mingi. Mtu mstaarabu, walisema. Eliza naye alimsifu. Ila usiku ule, akiwa na miaka kumi na mbili, alimsikia mama akiamka mara tatu kunywa maji.

"Endelea basi, chaji itakata."

Akaendelea. Alimtazama afisa usoni na vidole vikaenda vyenyewe, vikaandika zaidi kidogo ya maneno yaliyosemwa, lakini dereva alikuwa anapiga honi na Bwana Othmar alikuwa ameshafika namba kumi.

Flashi ilikuwa ya ofisi. Eliza alivuka barabara mwenyewe hadi kwenye duka la kuchapa lenye jenereta, akatoa nakala mbili. Bwana Othmar alizisaini juu ya boneti ya gari, mguu mmoja tayari ndani, akapiga muhuri huku, akapiga muhuri kule.

"Hii bandika ubaoni. Asante, dada. Usikate tamaa, nafasi zitatoka nyingine."

"Safari njema, afisa."

Vumbi la gari lilipotua, watu walikuwa wamejaa ubaoni. Eliza alibandika karatasi pembeni mwa tangazo la kazi, akasogea, akamnyanyua Selina begani. Cuthbert alisoma kwa sauti ili na wa nyuma wasikie. Kila mmoja alishangilia au kuguna kwa jina lake.

"Namba tisa, Eliza Nombo. Maoni..." Akasita, akasogeza uso. "Maoni: Anajua kazi. Alileta laptop kwa sababu tangazo lilisema kifaa, na afisa alipoulizwa ni kifaa kipi, alijibu kifaa ni kifaa."

Rodrick alisogea kwenye tangazo, akalifuata kwa kidole mstari kwa mstari, akafika mwisho, akaanza upya.

"Kweli," alisema. "Halijasema."

"Na muhuri upo?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Upo. Na saini."

Watu walimgeukia Eliza. Alikuwa ameshashika njia na mtoto begani na laptop kwapani, nzito, mkono mmoja ukiuachia mwingine kila hatua chache. Nakala ya pili ilikuwa njiani kwenda Kitai, ndani ya mkoba wa Bwana Othmar, ikasomwe mbele ya wakubwa saa tisa.